Picha mbili katika moja: kwa nini mashine ya kansa ya tumbo iko mbali na sisi

Wasikilizaji wa Masisi na Walikale, pamoja na ninyi mlio kambini, wengi mnauliza: kwa nini mgonjwa wa kansa ya tumbo au utumbo huambiwa aende mbali, hata nje ya nchi? Historia inatusaidia kujibu.

Kwa miaka mingi madaktari walikuwa na picha za aina mbili. Skana, iliyompima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, ilionyesha umbo la viungo. Nyingine, iitwayo PET, ilionyesha mahali kansa inapofanya kazi: mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo, na kansa nyingi hula sukari hiyo kwa pupa. Lakini picha hizo zilipigwa kwa mashine tofauti, pengine siku tofauti. Tumboni hiyo ilikuwa shida kubwa, maana utumbo hujongea na ini hupanda na kushuka kwa pumzi. Doa likionekana, daktari hakuwa na hakika liko kwenye kiungo gani.

Mwaka 1998, katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, David Townsend na Ron Nutt waliunganisha mashine hizo mbili. Mgonjwa akalala mara moja tu, picha zikakaa moja juu ya nyingine. Sasa daktari anaweza kujua kama kansa ya utumbo imefika kwenye ini kabla ya kumpasua mtu.

Ila sukari ile haingoji. Kila dakika 110, nusu ya mionzi yake huisha, kwa hiyo lazima itengenezwe karibu na mashine. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan inayo. Kwetu, kilomita 80 hivi za Goma hadi Masisi Centre, wakati wa mvua au vita, humaliza siku nzima.

Si kwamba Congo ilichelewa kujua mionzi. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Elimu ilitangulia, barabara na amani vikabaki nyuma.

Kwa hiyo tuanze na kilicho karibu, yaani ekografia, kisha fibroskopi mjini. Ukishindwa kumeza, ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, usingoje. Na vita vikikukimbiza, beba karatasi zako za hospitali. Bila hizo, daktari wa huko ataanza upya, na kansa haitamsubiri.