Mtoro, Kibarua na Kipande

Katika pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walikuwa na miji yao: wengine walikimbilia Witu, wengine Fuladoyo nyuma ya Malindi, wakalima na kujilinda huko. Utumwa ulipokwisha, neno halikufa. Likahamia kwa mwanafunzi asiyefika shuleni na kwa mfanyakazi asiyefika kazini. Anayetaka kufahamu historia ya mahudhurio ya kazini katika nchi hizi hana budi kulikumbuka jambo hilo, maana kutofika kazini, kabla hakujawa hesabu katika daftari la karani, kulikuwa ni njia ya mtu kujipatia uhuru wake.

Neno kibarua nalo halikuanza kuwa jina la mtu. Lilikuwa ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa ili akionyeshe apate ujira wake. Katika Unguja ya zamani mabwana waliwaruhusu watumwa wao kwenda kwa wafanya biashara kupakia na kupakua mizigo, na ujira ukagawanywa baina ya bwana na mtumwa. Serikali ilipoondoa utumwa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, cheti kikamwachia mchukuzi wake jina. Watu wengi waliotoka utumwani waliipenda kazi ya namna hiyo kuliko mkataba wa mwezi, na sababu yao si vigumu kuiona. Jua likichwa hesabu imefungwa: hakuna anayemdai mwenziwe kesho.

Waajiri na serikali ya kikoloni walitaka kesho hiyo. Huko Kenya, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1910 ilifanya kukosa kazini bila ruhusa kuwa kosa la jinai, lenye faini au kifungo. Ikafuata Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Katika mashamba ya Kenya na ya mkonge Tanganyika kulikuwa na kipande cha namna nyingine, yaani kadi ya siku 30 za kazi: kila siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama, na mshahara haukulipwa mpaka siku zote 30 zimetimia. Kwa desturi mtu alipewa siku 42 za kuzitimiza. Hesabu hii ni ungamo la mwajiri mwenyewe. Alijua kwamba mtu aliyelipwa ujira ule hawezi kuishi kwa ujira peke yake, hana budi kuwa na siku zake za kulima, kuuguza na kuzika, na siku hizo mwajiri alizitoa bila malipo. Tangu mwaka 1944 wakulima wa mkonge wa Tanganyika walikuwa na shirika lao la kuajiri watu kutoka mbali, SILABU, na walioletwa hivyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mtu aliye mbali na shamba lake hana pa kutorokea kwa urahisi. Hiyo nayo ilikuwa dawa ya mahudhurio.

Palipokuwa na ugumu zaidi ni Mombasa. Kibarua wa kutwa hakuwa na mkataba wa kesho, kwa hiyo hakuweza kuuvunja, na sheria ya kukosa kazini haikumpata. Gati za maji marefu za Kilindini zilifunguliwa mwaka 1926, na kazi ya huko haikuwa na mwendo mmoja. Juma hili meli hukaa foleni nje zikingojea nafasi. Juma lijalo bahari iko tupu. Makampuni ya kupakua yalitaka mamia ya watu alfajiri meli inapofunga, na yasiwalipe hata senti meli ikishaondoka. Basi watu walikusanyika asubuhi, serahangi akachagua makuli wake kwa kundi, na waliobaki wakarudi mjini. Ujira wa kutwa wa bandarini ulizidi wa kazi nyingine nyingi za mjini, na wako walioona kwamba nusu ya mwezi inawatosha, hasa wenyeji wa pwani waliokuwa na nyumba za jamaa kisiwani au mashamba ya minazi na mihogo ng'ambo ya maji.

Maofisa waliyaeleza haya kuwa ni uvivu, na kwamba Mwafrika hajui thamani ya saa. Ni hoja dhaifu. Watu wa Mombasa waliigawa siku kwa sala tano na kuhesabu saa tangu mapambazuko, nao mabaharia wao waliijua miezi ya kaskazi na ya kusi bila kufundishwa na mtu. Tena Waingereza walikuwa wamesahau habari za kwao. Mafundi wa Uingereza wa karne ya 18 walikuwa na desturi mashuhuri ya kutofanya kazi siku ya Jumatatu, wakaiita Jumatatu Takatifu kwa mzaha. Na Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo huko Staffordshire, alihangaika miaka mingi kwa kengele, faini na daftari ili kuwazoeza watu wake kufika kwa wakati. Lakini kosa kubwa la hoja ile ni kwamba ilitazama upande mmoja tu. Kabla ya kibarua kukosa kazini, kazi ilikuwa imemkosa kibarua mara nyingi. Mwajiri hakuahidi kumwita kila siku, naye akamlaumu kwa kutokuja kila siku.

Migomo ndiyo iliyogeuza fikira. Mwaka 1939 mgomo ulienea mjini Mombasa mpaka bandarini. Tarehe 13 Januari 1947 watu kiasi cha 15,000 waliacha kazi: makuli, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani, nao wakakaa siku kumi na mbili hivi. Katika mgomo huo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, likaongozwa na Chege Kibachia, ambaye alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo na kuhamishiwa Baringo. Mwezi wa Septemba makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kwenda bara. Watu waliodhaniwa hawawezi kupatana kufika pamoja kazini walikuwa wamepatana kutofika.

Hapo serikali ikaona hatari ya kuwa na umati wa watu ambao siku moja wako gatini na siku ya pili hawajulikani walipo. Orodha ya vibarua wa bandari ilikuwa imeanzishwa wakati wa vita, mwaka 1944, sasa ikakazwa. Mtu aliyeandikwa alipaswa kutimiza idadi ya zamu kila mwezi, na asiyetimiza jina lake likafutwa. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Kenya, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilisema wazi kwamba ujira wa mtu mmoja asiye na jamaa hauwezi kujenga wafanyakazi wa kudumu, na kwamba mshahara lazima utoshe mke na watoto. Mgomo wa bandari wa mwezi wa Machi 1955, ambao Tom Mboya alikuja kuusuluhisha, ukaongeza ujira na kukipa nguvu chama cha makuli. Mwisho wa miaka ya 1950 kazi ya kutwa ya zamani ilikuwa karibu imekwisha Kilindini. Waliobaki walifika kazini. Faini na kifungo cha miaka arobaini havikuwa vimefanya hivyo. Mshahara wa kuishi na hakika ya kazi ya kesho ndivyo vilivyofanya.

Lakini daftari lililowaweka hao liliwatoa wengine. Mwenye shamba Likoni au Mtongwe aliyekuja bandarini siku kumi kwa mwezi, ili apate kodi na ada ya shule, hakuwa na nafasi katika mpango mpya. Kwa kipimo cha karani huyo alikuwa mtoro. Kwa kipimo chake mwenyewe alikuwa mkulima mwenye kazi mbili. Kibarua chake kikaota nyasi, kama watu wasemavyo, naye akatafuta kazi ya kutwa palipobaki: kwenye majengo, sokoni na kuvuta mikokoteni.