Kumbukumbu ya Mapinduzi ya Zanzibar katika vyombo vya habari

Kumbukumbu ya Mapinduzi ya Zanzibar katika vyombo vya habari ni namna redio, magazeti, televisheni, filamu na vitabu vinavyosimulia tukio la tarehe 12 Januari 1964, na hivyo kuchangia jinsi linavyoadhimishwa Unguja na Pemba. Siku hiyo serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte, mzaliwa wa Pemba, ilipinduliwa na Sultani Jamshid bin Abdullah akakimbia nchi, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa 10 Desemba 1963.

Redio mwaka 1964

Mapigano yalitokea Unguja. Pemba habari ilifika kwa redio, kwa kuwa wanamapinduzi walikiteka kituo cha Raha Leo. Sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyewahi kuishi Pemba, aliyejiita Fildi Mashali na kutoa amri zilizojaa vitisho. Mwezi Machi 1964 alizuiwa kurudi Zanzibar. Katika masimulizi rasmi ya baadaye nafasi ya mbele imepewa Abeid Amani Karume na chama cha ASP, na Okello hutajwa kwa nadra.

Vyombo vya serikali

Kabla ya mapinduzi Zanzibar ilikuwa na magazeti mengi ya kisiasa, kama Mwongozi lililoegemea ZNP na Afrika Kwetu lililotetea upande wa ASP. Baada ya 1964 habari zilibaki mikononi mwa serikali. Televisheni Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1973 ikiwa na picha za rangi, ilizifikisha sherehe za kila Januari majumbani: gwaride, hotuba ya Rais na kaulimbiu "Mapinduzi Daima". Msamiati nao ulikomaa humo. Vyombo vya serikali husema "Mapinduzi matukufu", ilhali baadhi ya wapinzani husema "uvamizi".

Masimulizi mengine

Filamu ya Italia Africa Addio (1966) ilionyesha picha za mauaji zilizopigwa kutoka angani. Picha hizo hutumiwa hadi leo na wanaotaka waliouawa wakumbukwe, ingawa filamu yenyewe imelaumiwa kwa ubaguzi wa rangi. Gazeti binafsi la Dira, lililohaririwa na Ali Nabwa, lilifungiwa na serikali mwaka 2003. Mwaka 2010 Harith Ghassany alitoa kitabu Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kilichokusanya masimulizi ya washiriki na kusambaa pia kwa intaneti.

Pemba

Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini muungano wa ZNP na ZPPP ulitwaa viti 18 kati ya 31, vikiwemo vingi vya Pemba. Kwa sababu hiyo Wapemba wengi hawakuyapokea mapinduzi kama ushindi wao. Kumbukumbu za viboko na njaa za miaka iliyofuata zilihifadhiwa zaidi kwa mdomo, majumbani na barazani. Ziliingia kitabuni mwaka 2009, G. Thomas Burgess alipochapisha maisha ya Wapemba wawili: Ali Sultan Issa, aliyekuwa waziri wa serikali ya mapinduzi, na Seif Sharif Hamad, aliyekuja kuwa kiongozi wa upinzani.

Kilele cha sherehe kwa kawaida hufanyika Uwanja wa Amaan, Unguja. Mwaka 2025 maadhimisho ya miaka 61 yalifanyika Uwanja wa Gombani, Chake Chake, ambako pia lilichezwa Kombe la Mapinduzi.