Waliozimiliki Siku za Watu wa Kinyaga

Miongoni mwa madhalimu waliobuniwa na watunzi wa katuni wa Marekani yumo Kang, ambaye Stan Lee na Jack Kirby walimtoa hadharani mwaka 1964, jabari atokaye karne zijazo, apitaye katika zama kama apendavyo na kuwatiisha watu kwa kuwa wakati umo mikononi mwake. Msomaji humhesabu kuwa ni dhana tupu. Lakini katika nchi ya Kinyaga, pembe ya kusini magharibi ya Rwanda, mahali mto Rusizi unapotoka katika ziwa Kivu, mamlaka juu ya wakati wa watu yalikuwapo kweli, yakiwa na jina, kipimo na kiboko, na tarehe yake yastahili kuhifadhiwa.

Huko milimani, kuelekea msitu wa Nyungwe, zilikuwako falme mbili ndogo, Bukunzi na Busozo, ambazo wafalme wake walisifika kwa ilimu ya mvua. Ndagano wa Bukunzi, aliyefariki mwaka 1923, aliaminiwa kuwa na amri juu ya majira. Watu walimpelekea hedaya ili mvua inyeshe kwa wakati wake, na hata ikulu ya Rwanda, pamoja na nguvu zake zote, ilimstahi kwa sababu hiyo. Hayo nayo yalikuwa mamlaka juu ya wakati, ila mwenye mamlaka aliombwa awaletee watu msimu wao.

Ya namna nyingine ni yale yaliyokazwa chini ya Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, pale watawala waliotumwa na ikulu walipowekwa juu ya milima ya Kinyaga na kuingiza kazi ya lazima iitwayo uburetwa. Ardhi ilihesabiwa kuwa ya mtawala, na Mhutu aliyeilima, hata kama babu zake ndio waliofyeka pori lile, alidaiwa siku mbili katika kila juma, nalo juma la Rwanda ya kale lilikuwa la siku tano. Siku hizo zilikwenda katika kulima mashamba ya mkubwa, kujenga na kutengeneza ua wa boma lake, na kukesha usiku kumlinda. Na mvua za Septemba zilipoanguka, wakati maharage yanapotaka kupandwa upesi, jembe la mkulima lilikuwa katika udongo wa mwingine hali shamba lake mwenyewe lamngoja. Afadhali kidogo ilikuwa kwamba deni lile lilikuwa la ukoo, ukoo ukamtoa mmoja wao na waliosalia wakabaki nyumbani.

Wabelgiji walipotawala, afadhali hiyo ikaondoka. Mwaka 1925 askari wao waliivunja Bukunzi, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Busozo, hata raia wa wafalme wa mvua, ambao hawakuwahi kuujua uburetwa, wakaangukiwa nao kwa ghafla. Kisha serikali ikaamuru siku mbili katika tano zipunguzwe hadi siku moja katika saba, jambo lililoonekana katika daftari kuwa ni rehema. Lakini deni likamshika kila mwanamume mzima kwa nafsi yake, na juu yake zikaongezwa kazi za barabara na, tangu 1931, kilimo cha kahawa kwa lazima.

Ndipo wengi wakavuka mto Rusizi kwenda upande wa Kongo, Bukavu na mashamba ya Wazungu ya Kivu, ambako kazi ilikuwa ngumu na ujira haba, lakini siku ya mtu ilikuwa na bei. Aliyekwisha kuiona siku yake ikilipwa hakuweza tena kuridhika inapochukuliwa bure, na malalamiko yakazidi mpaka mwaka 1949 uburetwa ulipogeuzwa kuwa malipo ya fedha.

Uchungu wake haukwisha siku hiyo. Kwa kuwa kazi ile ilimwangukia Mhutu, na Mtutsi fukara aliyekaa jirani naye alisamehewa, siku zilizodaiwa zikawa mpaka baina ya jirani na jirani, na wachochezi wa zama zilizofuata wakautumia uchungu huo kwa dhulma kubwa zaidi, isiyo na udhuru wowote.

Leo wakazi wa wilaya ya Rusizi, katika nchi ile ile ya Kinyaga, hutoka kwa umuganda, yaani kazi ya pamoja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, raia na kiongozi pamoja. Tarehe ya Kinyaga yatupa mizani ya kupimia kila amri itakayo siku za watu: iwe juu ya wote sawasawa, na matunda yake yawarudie waliotoa jasho. Ikikosa hayo, hata ikiwa ni siku moja tu katika saba, ni unyang'anyi. Kwa maana shamba lililotwaliwa laweza kurudishwa, lakini siku ya mtu ikishachukuliwa, hakuna serikali wala mfalme awezaye kuirudisha.