Uigaji wa kompyuta wa mitandao na nyenzo za uhandisi

Uigaji wa kompyuta wa mitandao na nyenzo za uhandisi ni ufundi wa kukokotoa mapema jinsi mabomba ya maji, saketi za umeme, chuma au zege vitakavyotenda vikielemewa na kazi au mzigo. Kwa macho, mtandao wa mabomba ya mji na ukuta wa zege havina uhusiano wowote. Ndani ya kompyuta vyote viwili ni vifundo vilivyounganishwa, na kila kiungo kina kanuni yake: bomba lina kanuni ya msuguano wa maji, kipande cha chuma kina kanuni ya kuvutika na kupindika. Programu huandika mlinganyo kwa kila kifundo, kisha huitatua yote kwa pamoja.

Undugu huo ulitumika hata kabla ya kompyuta kuwapo. Mwaka 1930 Hardy Cross, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alichapisha njia ya kukokotoa kwa mkono fremu za majengo: nguvu za kupinda hugawanywa katika kila kiungo, tena na tena, mpaka masalio yawe madogo kiasi cha kutojali. Mwaka 1936 akaitumia fikra hiyohiyo kwa mabomba. Mhandisi hukisia mtiririko katika kila bomba, mradi maji yanayoingia kwenye kifundo yawe sawa na yanayotoka. Kisha huzunguka kila kitanzi cha mabomba akijumlisha presha inayopotea njiani. Jumla isipokuwa sifuri, husahihisha makisio na kuanza upya. Programu ya EPANET, iliyotolewa mwaka 1993 na shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, hutatua milinganyo yote kwa mara moja. Zaidi ya hapo hufuatilia umri wa maji na kiasi cha klorini kinachobaki yanapomfikia mtumiaji. Inagawiwa bure, jambo la thamani kubwa kwa mamlaka ya maji yenye bajeti ndogo. Kwa saketi za umeme kazi kama hiyo hufanywa na programu ya SPICE, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Upande wa nyenzo, hatua ya kijasiri ilichukuliwa na Alexander Hrennikoff, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefundisha Vancouver, Kanada. Mwaka 1941 alionyesha kwamba bamba zima lisilo na viungo linaweza kukokotolewa kana kwamba ni wavu wa fito, ilimradi unene wa fito uchaguliwe ili wavu ujipinde kama bamba lenyewe. Miaka miwili baadaye mwanahisabati Richard Courant aligawa eneo katika pembetatu ndogo ili kutatua tatizo la kusokotwa kwa mhimili. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing walihitaji kujua jinsi mabawa ya ndege yenye umbo la pembetatu yanavyopindika, na makala ya Turner, Clough, Martin na Topp ya mwaka 1956 iliwapa njia. Clough ndiye aliyeipa jina la mbinu ya elementi finiti mwaka 1960. Nchini China, Feng Kang na wenzake waliifikia kwa njia yao wenyewe wakikokotoa mabwawa.

Katika mbinu hiyo kitu hugawanywa kuwa wavu wa vipande vidogo, na kila kipande kinahitaji kanuni ya nyenzo yake. Chuma hurefuka kwa kulingana na nguvu mpaka kifikie kiwango fulani, kisha hubadilika umbo bila kurudi. Zege huvumilia kugandamizwa lakini hupasuka upesi likivutwa. Ndiyo sababu huwekwa nondo. Mahali wavu unapochorwa vibaya, kanuni sahihi haisaidii kitu.

Ushahidi mzito wa hilo ni jukwaa la mafuta na gesi la Sleipner A la Norway. Msingi wake ulikuwa mitungi 24 ya zege iliyoshikamana, na palipokutana mitungi mitatu palibaki nafasi ya pembetatu iliyojaa maji ya bahari. Kuta za nafasi hizo zilisukumwa na maji kutoka upande mmoja. Katika hesabu ya kompyuta, vipande vya wavu mahali hapo vilikuwa vikubwa mno na vya umbo lililopotoka, hivyo nguvu za kukata zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kuta zikajengwa nyembamba na nondo zikawekwa fupi. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi ulipokuwa ukizamishwa kwa majaribio katika ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, ukuta ulipasuka na msingi wote ukazama. Kishindo chake kilisajiliwa kama tetemeko la ukubwa wa 3. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Hesabu iliyorudiwa kwa uangalifu ilionyesha ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65. Kompyuta ingeweza kutoa jibu la kweli, kama wavu ungechorwa vizuri.

Kwa hiyo mhandisi makini huupunguza ukubwa wa vipande mpaka jibu lisibadilike tena, na hulilinganisha na hesabu fupi ya mkono. Kwa mtandao wa maji hatari iko kwingine. Bomba la chuma huota kutu kwa ndani na msuguano wake huongezeka, wakati kompyuta bado inalijua kama jipya. Mafundi hufungua bomba la zimamoto, hupima mtiririko na kushuka kwa presha katika vifundo vya jirani, kisha hurekebisha msuguano wa kila bomba kwenye programu mpaka namba zake zikaribiane na za geji.