Albert Hill

Albert George Hill (24 Machi 1889 – 8 Januari 1969) alikuwa mwanariadha wa Uingereza na mfanyakazi wa reli. Alishinda medali mbili za dhahabu, katika mita 800 na mita 1500, kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1920 mjini Antwerp, Ubelgiji. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31, na wengi waliona kwamba siku zake za kukimbia zimekwisha. Baadaye akawa kocha, na mwanafunzi wake Sydney Wooderson alivunja rekodi ya dunia ya maili moja.

Maisha ya mwanzo

Hill alizaliwa Tooting, kusini mwa jiji la London. Katika ujana wake alipenda zaidi mbio ndefu, na mwaka 1910 alipata ubingwa wa Uingereza wa maili nne. Baada ya hapo alianza kupunguza masafa, akahamia maili moja na yadi 880 (mita 805 hivi). Mwaka 1914 alimaliza wa pili katika yadi 880 kwenye mashindano ya ubingwa wa Uingereza.

Ndipo ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Hill alitumikia Ufaransa katika kikosi cha ndege cha jeshi la Uingereza. Michezo ya Olimpiki ya 1916, iliyopangwa kufanyika Berlin, haikufanyika kabisa. Kwa mkimbiaji wa masafa ya kati, umri wa miaka 25 hadi 29 ndio wakati wa mavuno. Hill aliutumia wote vitani, lakini alirudi akiwa mzima, jambo ambalo wanariadha wengi wa rika lake hawakujaliwa.

Kazi na mazoezi

Wakati ule riadha ya Uingereza ilitawaliwa na kanuni za uridhaa. Mshindani hakuruhusiwa kulipwa kwa kukimbia, kwa hiyo alipaswa kuwa na njia nyingine ya kupata riziki. Mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka familia yenye uwezo hakupata shida na kanuni hizo. Mtu wa reli alizisikia mwilini, kwa kuwa alifanya mazoezi kwa saa zilizobaki baada ya zamu.

Hill alikimbilia klabu ya Polytechnic Harriers ya London, na hapo alifundishwa na Sam Mussabini. Huyu alikuwa kocha wa kulipwa, na kwa sababu hiyo viongozi wa riadha ya ridhaa walimtazama kwa jicho la pembeni. Mikononi mwake walipita Reggie Walker wa Afrika Kusini, bingwa wa mita 100 mwaka 1908, na Harold Abrahams, bingwa wa mbio hizo mwaka 1924. Mussabini alifundisha kwa saa mkononi. Alimtaka mkimbiaji azijue nguvu zake na kuzigawa sawasawa katika mbio nzima, badala ya kuzimaliza mwanzoni na kujikokota mwishoni. Kwa mtu aliyefika mazoezini akiwa tayari amechoka na kazi, mafundisho ya namna hiyo yalifaa sana. Mwaka 1919 Hill alishinda ubingwa wa Uingereza wa yadi 880 na wa maili moja.

Antwerp 1920

Mwezi mmoja hivi kabla ya Olimpiki, Bevil Rudd wa Afrika Kusini alimshinda Hill katika yadi 880 kwenye mashindano ya ubingwa wa Uingereza. Wateuzi wa timu walisita, na ilimbidi Hill awashawishi wamruhusu kushiriki mbio zote mbili.

Fainali ya mita 800 ilifanyika tarehe 17 Agosti. Rudd aliongoza hadi mita za mwisho, ambapo Hill alimpita, na Mmarekani Earl Eby akapita pia. Hill alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 53.4. Eby alipata fedha, na Rudd, ambaye siku chache baadaye alishinda mita 400, alipata shaba.

Siku mbili baadaye ilikuja fainali ya mita 1500, katika mvua na kwenye njia iliyolowa. Hapa Hill alikuwa na msaidizi, nahodha wa timu yake Philip Noel-Baker. Huyu alikimbia kwa ajili ya mwenzake, akimlinda dhidi ya wapinzani, kisha wakamaliza wa kwanza na wa pili. Muda wa Hill ulikuwa dakika 4 na sekunde 1.8. Noel-Baker baadaye akawa mbunge na waziri, na mwaka 1959 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa juhudi zake za kupunguza silaha duniani. Hill alipata pia medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za timu.

Msomaji anayejua kwamba David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 mwaka 2012 anaweza kuuona muda wa Hill kuwa wa kawaida. Akumbuke kwamba njia za wakati ule zilitandikwa majivu ya makaa, na mvua ikinyesha miguu ilizama.

Ukocha

Mwaka 1921 Hill alikimbia maili moja kwa 4:13.8, rekodi mpya ya Uingereza, sekunde 1.2 tu nyuma ya rekodi ya dunia. Kisha akaacha mashindano na kuwa kocha wa kulipwa kama mwalimu wake.

Mwanafunzi wake mashuhuri alikuwa Wooderson, mwanasheria mfupi, mwembamba, mwenye miwani. Hakuwa na umbo la kumtisha mtu. Tarehe 28 Agosti 1937, uwanjani Motspur Park, alikimbia maili moja kwa 4:06.4, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata alivunja pia rekodi za mita 800 na yadi 880. Rekodi hiyo ya maili iliendelea kushushwa na wengine, na mwaka 1975 Filbert Bayi wa Tanzania aliifikisha 3:51.0.

Miaka ya mwisho na baadaye

Baada ya Vita Kuu ya Pili Hill alihamia Kanada. Alifariki katika mji wa London, jimbo la Ontario, akiwa na umri wa miaka 79.

Kwa upande wa wanaume, baada yake ni Peter Snell wa New Zealand pekee, mwaka 1964, aliyeshinda mita 800 na 1500 katika Olimpiki moja. Uingereza ilingoja miaka 84, hadi Kelly Holmes aliposhinda mbio hizo mbili kwa wanawake mjini Athens mwaka 2004. Holmes alikuwa na umri wa miaka 34, na yeye pia aliwahi kuwa askari.