Uhamiaji Haramu ni Jambo la Kuthibitishwa

Katika mjadala wa uhamiaji haramu Afrika Mashariki kuna kambi mbili zinazopingana kwa sauti kubwa, nazo zinakosea mahali pamoja. Ya kwanza husema sheria ni msumeno: aliyeingia nchini bila kibali aondoke, na ofisa aliyemtilia shaka aachwe afanye kazi yake. Ya pili husema mipaka yetu ilichorwa na wakoloni, uraia ni karatasi tu, na hakuna binadamu aliye haramu. Zote mbili zinaliruka swali linalopaswa kutangulia: je, mtu huyu ni mgeni kweli? Hoja yangu ni kwamba swali hilo lina jibu la kweli, ambalo haliumbwi na tamko la waziri wala halifutwi na huruma ya mtetezi, na kwamba utawala wa sheria katika uhamiaji ni, kwanza kabisa, wajibu wa kulitafuta jibu hilo kwa ushahidi.

Shauri linaloonyesha jambo hili waziwazi ni lile la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, lililoamuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, tarehe 22 Machi 2018. Mlalamikaji alikuwa na cheti cha kuzaliwa na pasi ya kusafiria, vyote vya Tanzania. Mwaka 2012 alifika kituo cha polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake. Polisi wakaishikilia pasi yake kwa kuutilia shaka uraia wake. Mwaka 2014 pasi ikafutwa, akatangazwa kuwa si raia, akasindikizwa hadi mpakani na kutolewa kwenda Kenya. Kwa maelezo yake mbele ya Mahakama, alilazimishwa kutia saini hati inayosema kuwa yeye ni Mkenya. Kenya nayo ikamwona yuko kwake kinyume cha sheria, ikamrudisha, naye akaishia kwenye kipande cha ardhi kilicho kati ya nchi hizo mbili, eneo la Sirari, hana pa kwenda mbele wala nyuma. Tafakari ile hati aliyosema alilazimishwa kuitia saini. Kama saini ingeweza kumfanya mtu kuwa Mkenya, Kenya ingempokea. Haikumpokea, kwa sababu kuwa Mkenya kunategemea mambo yaliyokwisha kutokea: nani alimzaa. Mambo hayo yangeweza kuchunguzwa. Serikali ilitegemea maelezo ya mashahidi juu ya wazazi wa mlalamikaji, na maelezo hayo yalipingana. Mahakama ikasema kwamba kwa ushahidi unaokinzana kiasi hicho kipimo cha vinasaba kilihitajika, nacho hakikufanywa. Ikaamua kwamba mtu aliyetambuliwa kuwa raia kwa hati za Serikali yenyewe hawezi kuvuliwa utambulisho huo mpaka Serikali ithibitishe kinyume chake.

Mwaka uliofuata, katika shauri la Penessis dhidi ya Tanzania, Mahakama hiyohiyo iliiweka kanuni hiyo sawa zaidi. Anayedai uraia ndiye wa kwanza kutoa ushahidi. Akishatoa wa kutosha kwa kuanzia, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa Serikali. Mlalamikaji alikamatwa mwaka 2010 kwa kosa la kuwapo nchini isivyo halali, akakaa gerezani zaidi ya miaka minane. Miaka minane inatosha kupima vinasaba, kupekua madaftari ya vizazi na kuwahoji wazee wa kijiji kizima. Wala mkasa huu hauwapati wanyonge peke yao. Mwaka 2001 Serikali ya Tanzania ilimtangaza mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu kuwa si raia, ilhali alikuwa ameitumikia nchi kama mbunge na mkuu wa wilaya.

Wanaosema kwamba sheria ni msumeno wanapaswa kuisoma sheria yenyewe. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 kinampa uraia kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, isipokuwa kwa hali chache kama mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni. Kwa miaka mingi utendaji umekuwa mwingine: mtu hutakiwa aonyeshe kuwa mzazi wake mmoja angalau alikuwa raia. Inawezekana kabisa kwamba kanuni ya utendaji ni bora kuliko ile ya maandishi. Nchi nyingi zimeichagua. Lakini kama ndivyo, Bunge ndilo la kuibadilisha. Mtu anayeitwa mhamiaji haramu kwa kigezo ambacho sheria haikukiandika hajavunja sheria yoyote. Aliyeikiuka ni anayemhukumu. Kifungu cha 23 kinaongeza tatizo juu ya tatizo: Waziri halazimiki kutoa sababu za uamuzi wake, wala uamuzi huo haukatiwi rufaa mahakamani. Kifungu cha namna hii hakimpi Waziri uwezo wa kujua ukweli. Kinamwondolea tu haja ya kuutafuta.

Upinzani mzito unatoka kwa watu wanaoifahamu mipaka ya magharibi ya Tanzania. Wanasema Kagera na Kigoma vizazi vingi havikuandikishwa, vyeti hughushiwa, na lugha na koo zimevuka mpaka kiasi kwamba ofisa hana cha kushika. Wanakumbusha pia kwamba Operesheni Kimbunga ya 2013, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, ilianza kwa sababu za kweli: ujambazi wa kutumia silaha barabarani na mifugo iliyojaa kwenye hifadhi. Sababu hizo sizibezi. Dola isiyoweza kuujua mpaka wake haiwezi kumlinda msafiri wala mkulima. Ila hoja hii inanisaidia mimi kuliko wao. Pale ambapo nyaraka ni chache na majirani wana magomvi ya ardhi, ndipo neno la mtoa taarifa linapostahili kuaminiwa kidogo zaidi. Jirani anayelitaka shamba ana kila sababu ya kumwita mwenye shamba mgeni. Ugumu wa kuujua ukweli unadai uchunguzi zaidi, na mshukiwa kusikilizwa kabla ya kupandishwa kwenye lori.

Kambi ya pili nayo ina hoja isiyo nyepesi: mpaka wenyewe ni zao la makubaliano ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, kwa hiyo uraia umetungwa, na kilichotungwa hakina ukweli wa kudumu. Hapa mambo mawili yanachanganywa. Kanuni ya uraia imetungwa, naam, na inaweza kutungwa upya. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 162,000 wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kenya iliwatambua Wamakonde wa Kwale baada ya kuandamana hadi Nairobi mwaka 2016, na Wapemba mwaka 2023. Hayo ni maamuzi ya kisiasa, tena mema. Lakini tukishaiweka kanuni, kama fulani ameitimiza au hajaitimiza ni jambo la kweli au la uongo. Mtetezi anayelikana hilo anamnyang'anya mteja wake ngao ya pekee. Yule aliyekwama Sirari hakuiomba Mahakama huruma. Alidai kwamba yeye ni Mtanzania na anayekana hilo anasema uongo.

Kaskazini mashariki mwa Kenya kuna mfano unaoijaribu hoja hii zaidi, kwa sababu uongo ulianzia upande wa wananchi. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, maelfu ya Wakenya wenye asili ya Kisomali, wakisukumwa na ukame, walijiandikisha au waliandikishwa na wazazi wao kama wakimbizi ili wapate chakula, matibabu na shule. Walipofika umri wa kitambulisho, alama zao za vidole zikaonekana katika orodha ya wakimbizi, wakanyimwa. Walidanganya, atasema mtu, na waubebe mzigo wao. Waliodanganya waadhibiwe kwa udanganyifu kama sheria inavyotaka. Ila orodha iliyojazwa kwa njaa haiwezi kubadilisha mahali mtu alipozaliwa, na dola inayoendelea kumwita mkimbizi mtu inayemjua kuwa ni Mkenya inashikilia uongo uleule aliouanza mama yake kwenye foleni ya unga.

Mahakama ya Arusha iliiagiza Tanzania mwaka 2018 irekebishe sheria ili mtu anayebishaniwa uraia apate kusikilizwa mahakamani. Novemba 2019, wiki moja kabla ya hukumu ya Penessis, Serikali iliwasilisha taarifa ya kujiondoa katika tamko linalowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja Arusha, na kujiondoa huko kukaanza kufanya kazi mwaka 2020. Kwa hiyo kazi ya kupima ushahidi imebaki kwa mahakama za ndani. Hakimu wa wilaya ana uwezo wa kuifanya: anaweza kuamuru kipimo cha vinasaba, kuita daftari la shule na la zahanati, kumhoji mtendaji wa kijiji kwa kiapo, na kumpa ofisa wa uhamiaji nafasi ya kueleza shaka yake ilianzia wapi. Mgeni aliyeingia kwa njia za panya ataondolewa nchini kwa amri ambayo Kenya, Burundi au Rwanda haitakuwa na sababu ya kuikataa, kwa kuwa imeambatana na ushahidi wa alikotoka.