Kusaka Kilichofichwa

Ndugu wanafunzi wa darasa la watu wazima hapo Mjimwema, Songea, somo letu ni la historia, na neno letu la leo ni KUSAKA. Jembe ulilolisahau shambani unalitafuta. Lakini kitu kilichofichwa husakwa, wala msakaji hachoki upesi.

Mji wenu una jina la Nduna Songea Mbano. Katika Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, yeye na wakuu wengine wa Wangoni walipigana na Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wengi walinyongwa hapo Songea, wakazikwa katika kaburi moja. Baadaye Nduna Songea naye akanyongwa, akazikwa peke yake. Wazee wamesimulia kwamba alizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa kilipelekwa Ujerumani.

Je, kitu kama hicho chaweza kupatikana? Sikilizeni habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles uliiagiza Ujerumani ikirudishe. Miaka ikapita bure. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi katika jumba la makumbusho. Likachaguliwa fuvu moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa. Mwaka 1954 lilirudishwa Kalenga, karibu na Iringa. Hata hivyo, wako wataalamu walioona kwamba vipimo peke yake havitoshi.

Siku hizi kuna njia iliyo bora: vinasaba, yaani alama za ukoo zilizomo mwilini. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu na vya watu walio hai Tanzania, wakapata jamaa za baadhi ya mafuvu hayo. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukisaka kichwa cha Nduna Songea.

Ndugu zangu, kama wazee wangalinyamaza, nani angalijua kwamba kuna kitu cha kusakwa? Ninyi sasa mwajua kuandika. Basi kazi yenu ni hii:

1. Muulize mzee mmoja majina ya babu zake, na aliyoyasikia juu ya vita.
2. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe.
3. Msomee, ili asahihishe.

Kwaherini mpaka somo lijalo.